Ngeli Ndani ya Kompaila

Msamvu, mjini Morogoro, ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapogawanyika. Tawi moja linashika njia ya Dodoma kupitia Dumila na Gairo, jingine linakwenda Iringa kupitia Mikumi. Kusini imesimama milima ya Uluguru. Abiria anayesubiri basi stendi ya Msamvu amezungukwa na lugha nyingi ambazo huenda asizisikie, kwa sababu hapo stendi kila mtu anaongea Kiswahili. Kuna Kiluguru cha milimani, Kikami cha pembezoni mwa mji, Kikutu cha upande wa Kisaki, Kikaguru cha Gairo, Kisagara cha Kilosa na Kividunda cha upande wa Kidodi.

Malcolm Guthrie, mwanaisimu Mwingereza aliyezipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba, alizitia zote hizi katika kanda G: Kikaguru G12, Kiluguru G35, Kikami G36, Kikutu G37, Kividunda G38, Kisagara G39. Kiswahili nacho kimo katika kanda hiyo. Namba za Guthrie zilikusudiwa zaidi kurahisisha rejea kuliko kuthibitisha undugu, lakini majirani hawa wanafanana kweli. Wana ngeli, wana upatanisho wa kisarufi, na vitenzi vyao hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja.

Sarufi za eneo hili zilianza kuandikwa mapema. J. T. Last, mmisionari aliyekaa Mamboya, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Carl Velten, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kwa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, alichapisha maelezo ya Kikami mwaka 1900. Mwaka 1974 Daniel Mkude alikamilisha tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha London kuhusu sintaksia ya Kiluguru, akichunguza sentensi ambazo kiima na yambwa hubadilishana nafasi. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Mradi wa Lugha za Tanzania kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Gothenburg cha Sweden, na mradi huo ukatoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Mwaka mmoja kabla ya atlasi, Malin Petzell wa Gothenburg alikuwa amechapisha sarufi mpya ya Kikaguru.

Katika mji huo huo wa Gothenburg, watafiti wengine walikuwa wakijenga kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwanadamu kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukitekeleza. Kompaila yao ilisoma sarufi. Historia ya kazi hiyo, na ya wanazuoni wa Afrika Mashariki walioitumia kuzifundisha kompyuta lugha za Kibantu, ina somo kubwa kwa milima ya Uluguru: lugha haihitaji mabilioni ya maneno yaliyochapishwa ili iingie kwenye kompyuta. Inahitaji mtu anayeijua sarufi yake, chombo kinachoelewa kanuni, na jirani aliyetangulia.

Helsinki na Dar es Salaam

Miongoni mwa waliotangulia ni Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Kabla ya kuingia kwenye kompyuta alikuwa mtafiti wa jamii, na mwaka 1984 alichapisha kitabu juu ya Waparakuyo, wafugaji ambao baadhi yao wanaishi mkoani Morogoro. Mwaka 1985 alianza kutengeneza zana za kompyuta kwa ajili ya Kiswahili, kazi iliyokua na kuitwa Salama. Kati ya 1988 na 1992 Helsinki na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana kukusanya sauti na maandishi ya wasemaji wa Kiswahili na lahaja zake. Baadaye Helsinki ilijenga kongoo, yaani mkusanyiko wa matini, ya Kiswahili yenye zaidi ya maneno milioni 12.

Hurskainen alijenga juu ya msingi uliowekwa na Mfini mwenzake, Kimmo Koskenniemi, katika tasnifu ya mwaka 1983. Koskenniemi alisema kila neno lina ngazi mbili, umbo la ndani na umbo la nje, na kanuni ndizo zinazoziunganisha ngazi hizo. Ndani tuna *ki* na *angu*, nje tunasikia *changu*. Ndani tuna *vi* na *angu*, nje ni *vyangu*. Hapo mwanzo kanuni za namna hii ziligeuzwa kwa mkono kuwa mashine ndogo za hali na mpito, kazi ndefu ambayo kosa moja dogo liliweza kuiharibu yote. Katikati ya miaka ya 1980 Koskenniemi, Lauri Karttunen na Ronald Kaplan walitengeneza kompaila ya kanuni hizo. Tangu hapo mwanaisimu aliandika kanuni kama anavyozifahamu, na kompaila ikabeba kazi ya kuzigeuza.

Mwaka 1992, katika toleo la kwanza la jarida la Nordic Journal of African Studies, Hurskainen alieleza jinsi alivyoutumia utaratibu huo kuchambua maneno ya Kiswahili. Ukiipa programu yake neno *hawajatuletea*, inatambua ukanushi *ha*, mtenda *wa*, wakati *ja*, mtendewa *tu*, mzizi *let*, kiambishi cha kutendea *e* na irabu ya mwisho *a*. Vipande saba ndani ya neno moja, na kila kimoja kina mahali pake.

Uchambuzi wa maneno ulikuwa umepiga hatua kubwa. Sentensi ilikuwa suala jingine, na chombo chake kilitoka kwenye mapokeo tofauti.

Kutoka hesabu hadi Haskell

Mapokeo hayo yalianzia kwa Alonzo Church, mwanahisabati wa Princeton aliyebuni hesabu ya lamda katika miaka ya 1930. Katika hesabu hiyo kila kitu ni funksheni: unaipa kitu, inakurudishia kitu, na haigusi kingine pembeni. Mwaka 1958 John McCarthy wa MIT alianza kutengeneza Lisp, lugha ya programu iliyochukua mengi kutoka kwenye wazo hilo. Mwaka 1962 Tim Hart na Mike Levin, hapo hapo MIT, waliandika kompaila ya Lisp kwa Lisp yenyewe, kisha wakaitumia kompaila hiyo kujigeuza yenyewe kuwa msimbo wa mashine.

Edinburgh, Robin Milner na wenzake walileta lugha ya ML katika miaka ya 1970. ML iliongeza jambo ambalo wanasarufi wangelipenda sana, nalo ni aina. Kila kitu kina aina yake, na kompaila hukagua kwamba vimeungana ipasavyo hata kabla programu haijaanza kufanya kazi. Mwaka 1984, katika chuo cha Chalmers mjini Gothenburg, Lennart Augustsson na Thomas Johnsson walieleza kompaila ya lugha iliyoitwa Lazy ML, ambayo haihesabu jibu lolote mpaka lihitajike. Lugha za namna hiyo zikawa nyingi, kila chuo na yake, hadi watafiti walipokutana Portland, Marekani, mwaka 1987 na kukubaliana kutengeneza moja ya pamoja. Tarehe 1 Aprili 1990 ripoti ya kwanza ya lugha hiyo, Haskell, ilitolewa, na Chuo Kikuu cha Glasgow kikawa kimeshaanza kuijengea kompaila ambayo inatumika hadi leo.

Jina hilo ni la Haskell Curry, mwanamantiki Mmarekani. Mwaka 1961 Curry aliandika makala kuhusu lugha za binadamu, akitenganisha mambo mawili: namna maana inavyojengeka, na namna inavyotokea katika sauti au maandishi. Wazo hilo lilikaa miaka mingi likimsubiri mtu wa kulifanyia kazi kwa programu.

Mtu huyo alikuwa Aarne Ranta, Mfini aliyebobea katika nadharia ya aina ya mwanafalsafa wa Sweden, Per Martin-Löf. Mwaka 1994 Ranta alichapisha kitabu kilichotumia nadharia hiyo kuchambua lugha za binadamu. Mwaka 1998, akiwa katika kituo cha utafiti cha Xerox mjini Grenoble, Ufaransa, alianzisha Grammatical Framework, ambayo watumiaji wake huiita GF. Mwaka uliofuata alihamia Gothenburg, na GF ikahamia naye.

GF ni lugha ya programu ya kifunksheni iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kuandika sarufi. Kompaila yake imeandikwa kwa Haskell. Ndani yake mtafiti huandika mambo mawili, kama Curry alivyoyatenganisha. Sintaksia dhahania hueleza kinachosemwa: kuna mtenda, kuna tendo, kuna kitendwa. Sintaksia halisi hueleza lugha fulani inakisema vipi. Lugha 10 zinaweza kuwa na sintaksia dhahania moja, na maana ikapita kutoka lugha moja hadi nyingine kupitia hapo.

Mwandishi akimaliza, kompaila hukagua aina kwanza. Ukisema kivumishi kina umbo kwa kila ngeli, halafu ukaisahau ngeli ya *u*, kompaila hulalamika. Baada ya ukaguzi hukokotoa mapema kila funksheni inayoweza kukokotolewa, na kinachobaki ni majedwali mepesi ambayo hata simu inaweza kuyabeba. Peter Ljunglöf alieleza nguvu na mipaka ya sarufi hizo katika tasnifu ya mwaka 2004. Krasimir Angelov, katika tasnifu ya mwaka 2011, alieleza mitambo ya ndani ya GF na jinsi sarufi moja inavyotumika kutunga sentensi na pia kuzichambua.

Nairobi

Wanjiku Ng'ang'a wa Chuo Kikuu cha Nairobi alifanya shahada ya uzamivu Helsinki. Tasnifu yake ya mwaka 2005 ilihusu maneno ya Kiswahili yenye maana zaidi ya moja, na namna kompyuta inavyoweza kuamua maana ipi imekusudiwa. Mwaka 2012 alichapisha makala juu ya kuijenga sarufi ya Kiswahili ndani ya GF. Wakati huo maktaba ya sarufi za GF ilikuwa imejaa lugha za Ulaya, na kuingiza Kiswahili kulimaanisha kukijaribu chombo hicho kwa lugha ambayo muundo wake ni mwingine kabisa.

Ugumu wenyewe unaonekana ukiandika mistari michache tu. Nomino ni rahisi: *kitabu, vitabu, kitabuni, vitabuni*, jedwali la nafasi nne. Kivumishi kinafuata ngeli na idadi, jedwali refu kidogo. Kitenzi ndicho kinachotoa jasho. Tuseme kiima kina nafasi 15 tu, yambwa 15, nyakati ni 4, na kila moja ina kukubali na kukanusha. Zidisha: 15 mara 15 mara 4 mara 2 ni 1,800. Hayo ni maumbo ya kitenzi kimoja, kabla hujagusa *pigia, pigana, pigwa, pigisha*. Kompaila ikilazimishwa kuyakokotoa yote kwa kila kitenzi cha kamusi, kompyuta inaelemewa.

Kuna sharti jingine linalobana zaidi. GF hairuhusu vipande vya neno kugandishwa wakati programu inakimbia. Kila neno linapaswa kujulikana tangu kompaila inapofanya kazi yake. Kiingereza hakiumizwi sana na sharti hilo, kwa kuwa yambwa yake husimama peke yake. Sisi tunasema *nimekiona*, na ile *ki* ya katikati hutegemea tunazungumzia kitabu au mti, jambo ambalo kitenzi chenyewe hakina njia ya kulijua mapema. Mwandishi wa sarufi ya Kibantu ana njia mbili. Anaweza kuyaweka maumbo yote kwenye jedwali na kuvumilia ukubwa wake. Au anaweza kuvitoa vipande kimoja kimoja vikiwa na alama ya kuviunganisha mwishoni, na hapo sentensi inayoingia itabidi ikatwekatwe kabla ya kuchambuliwa. Kila njia ina gharama. Mtafiti huchagua kwa kuangalia sarufi yake itatumika wapi.

Halafu kuna sentensi zinazougeuza utaratibu mzima. *Chumba hiki kinalala watu watano.* Wanaolala ni watu, ila kitenzi kimepatana na chumba. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu yoyote. Kompaila iliyoambiwa kwamba kitenzi hufuata mtenda daima itaikataa sentensi hii nzuri, na mwandishi atalazimika kurudi kueleza kwa usahihi ni vitenzi gani huruhusu hivyo na kwa masharti gani. Hapa ndipo ninapoiona thamani kubwa ya kazi hii. Sarufi ya kitabuni inaweza kuruka penye tundu na msomaji asigundue. Kompaila hairuki. Inamrudisha mwandishi kwa wasemaji akaulize tena.

Kikamba, Ekegusii, Runyankore

Baada ya Kiswahili zikafuata lugha nyingine. Benson Kituku, akishirikiana na Wanjiku Ng'ang'a na Lawrence Muchemi, aliandika sarufi ya Kikamba kwa GF, iliyoelezwa katika makala ya mwaka 2019, kisha Ekegusii mwaka 2021. Kutokana na kazi hizo wakauliza swali muhimu: kama lugha hizi zinafanana, kwa nini kila moja ianzwe upya?

GF ilikuwa na jibu lililokwisha kujaribiwa. Kifaransa, Kiitalia na Kihispania vimo katika maktaba yake kama familia. Kanuni za pamoja zimeandikwa mara moja, na kila lugha ikaongeza tofauti zake. Watafiti wa Nairobi walifanya vivyo hivyo kwa Kiswahili, Kikamba na Ekegusii. Upatanisho wa ngeli, mpangilio wa kirai nomino na nafasi za viambishi ndani ya kitenzi viliwekwa mahali pamoja. Kwa lugha mpya kazi inayobaki ni kujaza viambishi vyake, kamusi yake, na zile kanuni ambazo ni zake peke yake.

Uganda nako kazi ilikuwa inaendelea. Mwaka 2020 David Bamutura wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, pamoja na Peter Ljunglöf wa Gothenburg na Peter Nabende wa Makerere, walichapisha maelezo ya sarufi za Runyankore na Rukiga ndani ya GF. Miaka minne kabla yao, Joan Byamugisha, Maria Keet na Brian DeRenzi walikuwa wameonyesha jambo la kutia moyo kwa zana nyingine: kanuni za kutunga sentensi zilizobuniwa kwa Kizulu zilisaidia kuanzisha zile za Runyankore, ingawa Wazulu na Wanyankore wametengwa na maelfu ya kilomita. Ikiwa Kizulu kiliweza kuisaidia Runyankore, Kiswahili kina zaidi cha kumpa jirani yake Kiluguru, na Kikaguru kina zaidi cha kumpa Kikami.

Zamu ya Uluguru

Mifumo mikubwa ya lugha inayosifiwa siku hizi hujifunza kwa kumeza maandishi, tena mengi mno. Kiswahili kina maandishi, na kitaendelea kupata nafasi humo. Kiluguru kina wasemaji wengi, lakini maandishi yake ni machache, na Kikami kiko katika hatari ya kutoweka. Kwa njia ya kumeza maandishi, lugha hizi zitabaki nje ya mlango. Kwa njia ya sarufi, mlango uko wazi tangu Mkude aandike tasnifu yake.

Najua swali linalofuata. Waluguru karibu wote wanajua Kiswahili, kwa hiyo kuna haja gani? Ni kweli wanakijua, na hakuna anayetaka kukipunguza. Lakini mzee wa Mgeta, huko milimani, anayeeleza maumivu yake zahanati huyaeleza vizuri zaidi kwa lugha aliyolelewa nayo, na mtoto wake ana haki ya kuona lugha ya nyumbani inaandikika na inafanya kazi kwenye simu kama lugha nyingine yoyote. Tena si lazima tuanze na kila kitu. Mradi wa Ulaya ulioitwa MOLTO, ulioanza mwaka 2010, ulitengeneza kwa GF kitabu cha misemo kwa wasafiri kinachotafsiri sentensi za kawaida kati ya lugha nyingi. Mawanda yalikuwa madogo, na kwa hiyo tafsiri ziliweza kuaminika. Misemo ya zahanati, au maelezo ya kutunza shamba la mboga, ni mawanda ya ukubwa huo huo, na Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Sokoine ambacho kazi yake ni kilimo.

GF ni programu huria, na maktaba yake iko wazi kwa kila mtu. Kiswahili kimo humo, Kiluguru hakimo. Mpangilio wa kazi unajulikana kutokana na walioifanya. Kwanza ngeli na viambishi vyake, kisha nomino mia chache, vivumishi, viwakilishi, halafu kitenzi na nyakati zake, na mwisho sentensi zile za kiima na yambwa kubadilishana nafasi ambazo Mkude alizichunguza zaidi ya nusu karne iliyopita. Katika kila hatua sentensi zilizotungwa na mashine zisomwe kwa sauti mbele ya wazee wanaoijua lugha, na wanapokataa, kanuni irekebishwe.

Nairobi walianza na watu wachache, Mbarara vilevile. Morogoro ina vyuo vikuu, ina milima iliyojaa wasemaji, na ina vijana wa Matombo na Mgeta wanaosoma kompyuta huku bibi zao bado wanawasemesha Kiluguru. Wapewe mwanaisimu wa kuwaongoza na muda wa kutosha, na vyuo viihesabu sarufi iliyopita kwenye kompaila kuwa utafiti kamili, wenye heshima ile ile ya makala na tasnifu. Lugha zilizouzunguka mji wa Morogoro zimeshaandikwa na wageni na wenyeji kwa karibu miaka 140. Sasa ni zamu ya wenyeji kuzifanya zifanye kazi.